Alama Niliyoipiga Kwenye Boksi Lako

Kabula mwanangu,

Usianze kwa kucheka mwandiko. Najua unavyoupenda mchezo huo, na leo una haki, maana kidole cha shahada cha mkono wa kulia kimeungua asubuhi na kalamu naishika kwa vidole visivyojua kazi hii. Kiliunguaje nitakueleza, tena ndiyo sababu ya barua yenyewe. Umekwenda Kiseke na mama yako kumuaga shangazi, na ninavyomjua dada yangu hamtaachiwa kuondoka kabla hajawapikia, kwa hiyo nina saa mbili tatu za peke yangu hapa kibandani Mirongo. Nimekaa juu ya lile sanduku la bati ulilolikataa. Ni imara, kama unataka kujua.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako amekwisha kukuambia pesa uzifiche wapi, usinunue nini dirishani treni ikisimama Tabora, mjomba wako atakusubiri upande gani wa stesheni kule Dar, na chuoni umwamkie nani kwanza. Ameyasema mara nne mbele yangu, na nikiwa sipo sijui mara ngapi. Nikiongeza na yangu utashukia Shinyanga ukimbie.

Mimi nina jambo moja tu, na jambo hilo limenishinda kulisema kwa mdomo kwa miezi mitano. Boksi la hewa la gari la Kamugisha ulilitengeneza wewe, na mimi nikalipiga alama yangu.

Haya, nimeliandika. Sentensi moja. Miezi mitano nilidhani litajaza daftari.

Sasa, ili uone kwamba sikusudii kujitetea, ngoja kwanza nijitetee kidogo. Wewe hukunijua nikiwa fundi. Ulinijua nikiwa mtu anayelalamika. Kabla hujapata akili, nusu ya watoto waliokuwa wanapanda treni pale stesheni kwenda shule za bweni walikuwa wamebeba masanduku yangu. Ndoo zangu zilikuwa zinapanga foleni bombani kuliko watu. Halafu ikaja hii ruksa ya kila mtu kuingiza anachotaka, na kitu cha kwanza walichotaka watu wote, sijui waliitana wapi, ni ndoo za plastiki. Nyekundu, za bluu, za njano. Siku moja nikamkuta mama yako, mke wa fundi bati, anatoka bombani na ndoo ya plastiki ya kijani kichwani. Nikamuuliza, hii nini? Akasema, "Baba Kabula, zako ni nzito. Tena ile ya nyumbani inavuja." Inavuja! Miaka kumi na saba ya ndoa ndiyo anaisema siku hiyo, mbele ya watu, na maji yangu ya kuoga kichwani.

Basi mtu niliyekuwa ndiye huyo, mwenye kibanda kimejaa makarai yasiyo na mnunuzi, wakati Kamugisha aliponijia. Na wewe ulikuwapo, umemaliza kidato cha sita, unangoja majibu, unakata mabati ya koroboi kwa sababu ukikaa nyumbani mama yako anakutuma.

Kamugisha alikuwa na haraka, kama kawaida yake. Mtu anayenunua sangara pale mwaloni Igombe, mitumbwi inapotua, na kuwapeleka kiwandani hawezi kuwa na utulivu, barafu inayeyuka akiwa anakusalimia. Ile pikapu yake ilitoka Japani ikiwa imetumika, na ilipofika bandarini ikawa imenyofolewa redio, jeki, na lile boksi la plastiki linalofunika chujio la hewa, pamoja na chujio lenyewe. Fundi magari wake akatafuta chujio jingine, akalifunga wazi kabisa kando ya injini, karibu na eksozi inapochomoza. Alfajiri gari linakwenda. Saa saba mchana, limebeba samaki na barafu, linafika kwenye mwinuko linaanza kukokota miguu kama ng'ombe mgonjwa. Alibadilisha plagi. Alisafisha kabureta. Aligombana na muuza petroli hadi wakashikana mashati. Mwisho mtu mmoja akamwambia injini yako inavuta hewa ya moto iliyotoka mwilini mwake yenyewe, katengeneze boksi la kulikinga chujio. Na mjini hapa, ukisema boksi, watu wanakuonyesha kibanda changu.

Nakumbuka ulivyosema. Ulikuwa umeshika mkasi wa bati, ukasema polepole, "Baba, hewa ikipata moto inatanuka. Inayoingia kwenye injini inakuwa pungufu. Kwa hiyo kazi siyo kulifunika tu, kazi ni kulipa hewa ya baridi."

Nikasema, "Fizikia haijawahi kulehemu ndoo."

Watu wakacheka. Fundi baiskeli wa jirani akacheka, Mama Neema akaacha kumimina uji akacheka. Nilipenda walivyocheka, Kabula. Nikarudia mara ya pili ili wacheke tena, na hawakucheka sana, lakini mimi nilitosheka.

Boksi langu la kwanza ulilisaidia kulishika, kwa hiyo unalijua. Lilikuwa zuri. Sitaki uniambie halikuwa zuri. Kona zake zilikaa sawasawa, lehemu imetambaa vizuri kila kiungo, na matundu nimeyapanga kwa mistari upande wa feni ili chujio lipate upepo. Ukaniambia maneno mawili tu. La kwanza, lehemu itayeyuka ikikaa karibu na eksozi. La pili, upepo wa feni umekwisha kupita kwenye rejeta, ni wa moto, matundu yatazame mbele ya gari. Nikakuambia nenda kamsaidie Mama Neema kuosha vikombe.

Nimelehemu maisha yangu yote, na ndilo lililoniponza. Ndoo haikai motoni. Sanduku halikai motoni. Koroboi moto wake ni wa utambi, tena uko juu. Fundi magari asingefanya kosa lile, wala fundi wa kuchomelea vyuma. Ilibidi awe fundi bati, aliyezoea kusifiwa lehemu yake, ndipo atie risasi ya lehemu inayoyeyuka pembeni ya chuma kinachoiva.

Siku ya tatu Kamugisha alikuja bila gari. Alikuja na kipande kimoja cha boksi mkononi, ananuka samaki toka barabarani. Lehemu imeachia, kipande cha chini kimeangukia mkanda wa feni, mkanda umekatika, na gari limelala njiani kati ya Igombe na mjini mchana kutwa. Kiwandani samaki akishalegea hawamtazami mara mbili. Aliwagawia watu wa vijiji vya njiani waliowahi, samaki waliobaki akawafukia. Nilitegemea anipige. Nilikwisha kujiandaa, niliweka nyundo chini ili isionekane kama namngoja. Akakiweka kile kipande juu ya meza yangu, akasema, "Fundi, nilikuomba kinga ya moto. Wewe umenitengenezea jiko."

Na mimi nilisema nini? Nililaumu lehemu, kwamba siku hizi wanachanganya. Nikalaumu barabara ya Igombe kwa mashimo. Halafu, hili naomba ulisome taratibu kwa sababu nimeliandika taratibu, nikakulaumu wewe. Nilisema, mbele yake, kwamba ulinivuruga kwa maneno wakati nalehemu. Uliniangalia, ukaokota kile kipande, ukaanza kukwangua lehemu iliyobaki. Hukujibu kitu. Ungejibu ningekukaripia na shauri lingekwisha hapo hapo. Kunyamaza kwako ndiko kumenisumbua hadi leo.

Wiki iliyofuata nikaitwa Magu kwenye msiba wa baba mdogo. Nilikaa siku nne. Niliporudi nilikuta kitu juu ya meza, kimefunikwa gunia.

Nililifunua peke yangu, ulikuwa umekwenda kuchota maji. Kwanza nilitafuta lehemu, sikuiona. Viungo vyote umevikunja na kuvigonga ribiti. Ule mkunjo nilikufundisha mwenyewe ukiwa na miaka kumi, ule wa kitanzi unaojiuma wenyewe, na hata kosa langu la kugeuza ncha ndani kidogo umelirithi. Kuta zilikuwa mbili, ya nje na ya ndani, na kati yake nafasi ya upana wa kidole, tupu. Juu umezungushia utepe wa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu, boneti ikifungwa ilale juu yake. Mdomo wa boksi umeuvuta kwa mfereji wa bati hadi mbele, pembeni ya taa, kule upepo unakoingia kabla haujagusa kitu chochote cha moto. Na chini vitundu vitatu vya kutolea maji ya mvua. Kando yake ulikuwa umeacha kielelezo ulichokata kwenye katoni ya sabuni, na kamba yenye mafundo.

Nilijua ni kizuri kuliko changu. Nakuandikia hivi bila kuzunguka. Nilijua kabla sijamaliza kukizungusha mkononi, na nilichohisi hakikuwa furaha. Nilikuonea wivu. Mtu mzima, na mvi zangu, namwonea wivu mtoto niliyemfundisha kushika mkasi. Nilikaa kwenye kigoda nikasema moyoni, basi, hata hili nalo limekwenda, kama ndoo.

Na kabla hujarudi na maji, Kamugisha akafika. Shetani gani alimwelekeza saa ile sijui. Ukaingia na wewe nyuma yake, ukasema "Shikamoo Baba, pole na msiba," ukatua ndoo. Kamugisha akalinyanyua boksi, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akaniangalia mimi.

"Fundi, safari hii umetulia. Hili nani katengeneza?"

Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa unafanya kazi. Badala yake nikachukua msumari wa alama, nikachukua nyundo ndogo, nikaanza kuipiga M yangu ndani ya duara, vidoti kumi na tisa. Boksi likawa linateleza kwenye meza. Na wewe ukaja ukalishika lisiteleze. Uliweka viganja vyote viwili, ukakaza, hadi nikamaliza kidoti cha mwisho.

Baadaye nilijiambia ndiyo desturi ya kazi. Kitu chochote kinachotoka kibandani kinapigwa alama ya mwenye kibanda, awe amekitengeneza yeye au anayejifunza kwake, kwa sababu kikiharibika ni yeye atakayefuatwa. Hiyo ni kweli, hata wazee wa kazi hii watakuambia. Ila mimi ndiye mtu wa mwisho wa kujificha nyuma ya desturi hiyo. Nilipokuwa kijana najifunza, nilibuni taa yenye kofia ya kuzuia upepo, ya wavuvi. Bwana wangu akaipiga alama yake. Nilisubiri aende kula, nikachukua tupa nikaikwangua alama yake mpaka bati likawa jembamba kama karatasi. Alinifukuza siku ile ile. Nimewasimulia wewe na mama yako kisa hicho mara nyingi, na kila mara nakisimulia kana kwamba mimi ndiye niliyeonewa. Sasa fikiria. Mtu mwenye kisa hicho mdomoni ndiye aliyekaa mezani anagonga vidoti kumi na tisa, na mwenye kitu amekishika.

Halafu mambo yakawa mabaya zaidi, yaani yakawa mazuri. Gari la Kamugisha likapanda mwinuko saa saba mchana na shehena kamili. Wenzake wa mwaloni wakaona. Wakaja mmoja mmoja, kisha wawili wawili, mmoja akatoka Musoma. Nikawa Fundi Maboksi. Nikawa naeleza. Ee Mungu, jinsi nilivyokuwa naeleza! Nilimwambia yule wa Musoma kwamba kuta ni mbili ili boksi liwe na nguvu, lisipasuke kwa mtikisiko. Wewe ukiwa nyuma yangu ukanong'ona, "Ni kwa ajili ya moto, Baba, kama jiko lenye udongo ndani." Nikasema kwa sauti, "Tena na kwa ajili ya moto." Kama vile nilikuwa nakaribia kulisema.

Kibanda kikapata uhai. Mama yako akaacha kunionea huruma, kitu ambacho nilikuwa nakichukia kuliko ndoo yake ya kijani. Na majibu yako yakatoka, na chuo cha ufundi kikakuita, na kila kilichohitajika kimetokana na maboksi yale. Kwa hiyo kila mtu mtaani ananipongeza: Fundi, umemsomesha binti. Naitikia. Nakwenda chooni, nakaa huko, naona haya.

Sasa kidole.

Leo asubuhi ulipokuwa unafua, Kamugisha alipita akitoka Igombe, aniambie kwamba kesho atatupeleka stesheni kwa gari lile. Sijui nini kilinipanda. Nikamwambia, "Zima gari. Fungua boneti."

"Kuna nini, fundi? Nina samaki humu."

"Fungua."

Akafungua. Nikachukua tupa nikainama, nikaanza kuisugua ile M. Akapiga kelele, "Ai! Fundi! Unaharibu gari langu?"

Nikasema, "Natoa alama. Siyo yangu. Boksi hili alilitengeneza Kabula." Nililisema kwa nguvu, ili fundi baiskeli asikie, na Mama Neema asikie, na yeyote aliyekuwa anapita asikie. Nilitaka likitoka litoke lote.

Nikangoja washangae.

Kamugisha akacheka hadi akaegemea tairi. "Fundi," akasema, "wewe ulikuwa msibani Magu. Binti alipima gari gani? Si nilimletea mimi? Nililiegesha hapo hapo ulipo siku mbili nzima, nikawa naomba lifti za watu."

"Sasa siku ile uliniuliza nani katengeneza, uliniulizia nini?"

"Nilitaka kusikia utasemaje."

Na Mama Neema, bila hata kuacha kukoroga uji wake: "Mie ndiye niliyemshikia kamba."

Kabula! Kamba niliiona kwa macho yangu! Kamba yenye mafundo ilikuwa juu ya meza, mtu anapima gari kwa kamba, na gari lisipokuwapo anapima nini? Miezi mitano natembea Mirongo nzima, naitikia salamu kwa uangalifu, nalinda siri ambayo muuza uji alikuwa ameishika ncha ya pili. Walikuwa wananiita Fundi Maboksi huku wanajua. Na wewe ulijua kwamba wanajua. Ulikaa unakula ugali na mimi kila siku, unajua wanajua, ukaniacha. Nilikasirika sana, hata tupa ikateleza na kidole kikabandika kwenye ukuta wa nje, upande wa eksozi. Ngozi ilibaki huko.

Nikatukana, samahani. Halafu kwa ule mkono mzima nikagusa ndani ya boksi, pale chujio lilipokaa. Sijui kwa nini, labda nilitaka nijiunguze na wa pili nikae sawa. Gari limetoka Igombe na shehena, jua limeshakuwa kali, nje kumenibabua, na ndani palikuwa na uvuguvugu tu. Upana wa kidole kati ya kuta mbili, hamna kitu humo, ndicho kilichofanya kazi yote. Nimeyatengeneza maboksi hayo miezi mitano kwa kufuata katoni yako, na leo ndiyo nimeelewa. Wala usianze kusema Baba anatoa mfano wa maisha. Sitoi mfano wowote, nazungumzia bati.

Nilichojifunza ni kidogo na kimenigharimu kidole, kwa hiyo kichukue. Yule mtu aliyekuambia fizikia haijawahi kulehemu ndoo alikuwa anaogopa. Hakuwa na jibu, akaona afadhali kicheko. Huko unakokwenda utamkuta mtu huyo, atakuwa na shati jeupe na kalamu mfukoni, na watu watacheka kama walivyocheka hapa. Usinyamaze kama ulivyoninyamazia mimi. Mimi ni baba yako, nina kidole cha kuungua na dhamiri ya kunisumbua. Huyo wa huko atapiga alama yake, atakula chakula chake, atalala. Sema palepale, kikiwa bado kiko mezani.

Na hofu yenyewe nitakuonyesha ilivyo, kwa sababu ninayo hapa. Jana alikuja mwenye gari la mikate, lile lisilo na pua, lenye injini chini ya kiti cha dereva. Anataka boksi. Nikamwambia rahisi, njoo Jumatano. Alipoondoka akaniachia gari na dereva, nikanyanyua kiti nikatazama. Kabula, mbele hakuna boneti. Eksozi inapita upande huo huo wa chujio. Mfereji nikiuleta mbele unagonga miguu ya dereva, nikiushusha chini utavuta vumbi la barabara nzima. Nimezunguka gari lile hadi dereva akaniuliza kama nimepoteza kitu. Leo mchana nimemfuata mwenyewe tajiri wa mikate dukani kwake nikamwambia, "Sijui. Nitamuuliza Kabula." Unajua alisema nini? Alisema, "Sawa." Basi. Nimeliogopa neno sijui miaka arobaini, na jibu lake lilikuwa sawa.

Kwa hiyo nakuuliza. Hewa ya baridi niitoe wapi? Vipimo vyote viko kwenye ile kamba yako, nimeongeza mafundo mapya, fundo la kwanza ni ukingo wa kiti. Upande wa nyuma wa karatasi hii ya mwisho sijaandika kitu. Chora hapo. Usiponipa kesho, niletee kwa barua kutoka Dar, nitangoja, na mwenye mikate atangoja.

Sanduku liache. Chukua begi lile la mtumba lenye zipu mbovu, nimeitengeneza zipu. Sanduku nitalifanya ukuta wa ndani wa kitu fulani.

Kesho Kamugisha atakuja saa sita, nimemwambia afike mapema gari lipoe, kidole kimoja kinatosha. Alama yangu imetoka karibu yote, vidoti vitatu vinne vimekataa, ukivitafuta utaviona. Mama Neema alisema niipige ya kwako, niwe nimemaliza. Nimekataa. Alama nilizokupigia mimi zinatosha. Msumari na nyundo ndogo nimeviweka chini ya kiti cha mbele cha gari lake. Fungua boneti, litoe boksi, chagua alama unayotaka, piga mwenyewe, mama yako akiwapo na wote waliocheka wakiwapo. Boksi lina tabia ya kuteleza, unakumbuka. Safari hii nitalishika mimi.

Baba yako,
Malimi, fundi bati